Rangi, Asili na Tabia ya Mgombea: Historia ya Tanzania Mbele ya Dhamiri ya Mkristo

Katika mafundisho jamii ya Kanisa, kupiga kura ni tendo la kimaadili kabla ya kuwa tendo la kisiasa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2240) inaliweka tendo hilo pamoja na kulipa kodi na kuilinda nchi, miongoni mwa wajibu unaotokana na utii kwa mamlaka halali na uwajibikaji kwa ajili ya manufaa ya wote. Kwa hiyo Mkristo anayeingia katika kituo cha kupigia kura haiachi dhamiri yake mlangoni. Anaulizwa na Mungu, kama vile anavyoulizwa juu ya biashara yake na familia yake, kwa nini amemchagua huyu na kumwacha yule.

Waamini wa Kibaha na Kisarawe wanalifahamu swali hili kwa namna yao. Wenyeji wa maeneo haya ni Wazaramo na Wakwere, na walio wengi kati yao ni Waislamu. Wakatoliki wengi wa parokia zetu ni watu waliotoka mikoa ya bara kufuata kazi, masomo au viwanja kandokando ya Barabara ya Morogoro, pamoja na watoto wao waliozaliwa hapa hapa. Kila uchaguzi unapokaribia, maneno “mwenzetu”, “mzawa” na “mtu wa kuja” husikika sokoni, kwenye vijiwe, na pengine, tukiri, hata baada ya sala ya jumuiya. Mengine ni utani tu, na utani ni hazina ya watu wa Pwani. Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, na msibani utani huo hugeuka kuwa msaada. Lakini mtani hamnyimi mtani wake haki. Neno linapotumika kumnyima mtu nafasi, huo si utani tena.

Kura tatu za 1958

Tanganyika ililikabili swali la rangi katika uchaguzi mapema kuliko nchi nyingi. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Twining ilipanga uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu ulioitwa wa kura tatu. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Kila mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu, la sivyo kura yake iliharibika. Hivyo Wazungu, ambao hawakuzidi sana 20,000 katika nchi yenye watu wapatao milioni 9, walipata idadi ya viti sawa na ile ya Waafrika. Masharti ya kuandikishwa nayo yalikuwa mazito, kwa kuwa yalidai elimu, kipato au cheo fulani, na Waafrika wengi waliachwa nje.

Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo, na hasira yao ilikuwa na msingi. Katika mkutano mkuu wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi washiriki. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayefahamu kwamba njia ya kwenda shambani ina matope: ukitaka kufika, utachafuka kidogo. Kama TANU ingesusia, viti vyote vingekwenda kwa chama cha UTP, kilichopata baraka za Gavana.

Matokeo yake yanastahili kutafakariwa zaidi kuliko hoja yenyewe. Kwa kuwa kila mpiga kura alipaswa kuchagua pia Mwasia na Mzungu, TANU iliwaunga mkono wagombea wa rangi hizo waliokubaliana na msimamo wake. Sophia Mustafa, mwanamke wa asili ya Kihindi aliyeishi Arusha, aliingia katika Baraza kwa njia hiyo. Vivyo hivyo Derek Bryceson, mkulima Mwingereza, na Amir Jamal. Sheria iliyotungwa ili kuwatenganisha watu kwa rangi iliwalazimisha Waafrika kujifunza kumpima Mzungu na Mhindi kwa msimamo wake: huyu anataka nini kwa nchi hii? Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na UTP ikazikwa humo.

Si wote waliokubali. Zuberi Mtemvu, aliyekuwa mtendaji wa TANU, alijitoa na kuunda chama cha African National Congress, kilichotaka Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao. Tusimdharau. Alikuwa anasema kwa sauti kile ambacho wengi walikisema kwa kunong'ona, na dhuluma aliyoitaja ilikuwa ya kweli: mishahara ya rangi tatu, shule za rangi tatu, hospitali za rangi tatu. Na TANU yenyewe haikufungua uanachama kwa watu wasio Waafrika mpaka mwaka 1963. Swali lilikuwa namna ya kuiondoa dhuluma hiyo.

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliwajibu kwa ukali usio wa kawaida kwake. Aliufananisha ubaguzi huo na ule wa Hitler, na kutamka kwamba serikali yake ingejiuzulu kama muswada ungekataliwa. Ukapita. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Novemba 1962, Watanganyika walimchagua Rais kwa mara ya kwanza, na wagombea walikuwa wawili hao: Nyerere na Mtemvu. Nyerere alipata kura 1,127,978, na Mtemvu 21,276. Ni kweli kwamba mengi mengine yaliamua matokeo hayo, kwanza kabisa nguvu ya TANU vijijini. Hata hivyo, siasa ya rangi iliwekwa wazi mbele ya wapiga kura, nao hawakuitaka.

Mwalimu wa Pugu

Mtu aliyekuwa katikati ya habari hii alikuwa Mkatoliki, na sehemu ya malezi yake ya kisiasa ilifanyika jirani yetu. Alipotoka masomoni Edinburgh alifundisha katika chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, mwendo mfupi kutoka mji wa Kisarawe. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 alikuwa bado mwalimu hapo, na siku za mapumziko aliteremka kwenda Dar es Salaam kwa miguu. Mwaka 1955, baada ya safari yake kwenye Umoja wa Mataifa, ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi, akiwa na familia changa na bila mshahara mwingine wa uhakika. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulianzia katika Jimbo la Musoma.

Katika jambo hili imani yake na siasa yake zilishikana kabisa, naye aliyaamini haya kabla Mtaguso haujayaandika. Papa Yohane XXIII alitoa waraka wa Pacem in terris mwezi Aprili 1963. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Nostra aetate (namba 5), ulikataa ubaguzi wowote unaotokana na rangi, hali ya maisha au dini, kwa kuwa ni kinyume cha nia ya Kristo. Gaudium et spes (namba 29) iliongeza jinsia na lugha. Kabla ya hapo, mwaka 1937, Papa Pius XI alikuwa ameandika kwa Kijerumani waraka wa Mit brennender Sorge, uliosomwa katika makanisa ya Ujerumani siku ya Dominika ya Matawi, ukieleza kwamba mwenye kuinua mbari juu ya vyote na kuiabudu anaupotosha utaratibu uliowekwa na Mungu. Mafundisho haya yana mzizi mmoja. Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese alitaka kumpaka mafuta kijana mrefu wa sura nzuri, naye Bwana akamkanya, kwa kuwa mwanadamu hutazama umbo bali Yeye hutazama moyo (1 Sam 16:7). Petro aliyajifunza hayo hayo katika nyumba ya Kornelio (Mdo 10).

Mzaliwa wa Kivure

Kama tusipaswe kutazama ngozi wala kabila, tutazame nini? Maandiko yanatoa jibu la kale sana. Yethro, ambaye hakuwa Mwisraeli, alimshauri mkwewe Musa ateue viongozi wenye uwezo, wacha Mungu, waaminifu na wanaochukia rushwa (Kut 18:21). Inafaa tutambue kwamba uwezo umetajwa pamoja na uadilifu. Mtu mwema asiyejua kazi ataliumiza taifa, na mjuzi asiye mwema ataliumiza zaidi.

Mfano bora tunaoufahamu kwa jambo hili unatoka mkoani kwetu. Ali Hassan Mwinyi alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 katika kijiji cha Kivure, ambacho sasa kipo Mkuranga na zamani kilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kisarawe. Akiwa mtoto alipelekwa Zanzibar kusoma, akakulia huko. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Je, tumwite mtu wa Pwani au Mzanzibari? Anayetaka kupiga kura kwa asili atapata taabu hapo mwanzoni kabisa, kwa sababu maisha ya watu hayakai katika visanduku tunavyovichonga.

Lakini kilichomtambulisha Mzee Mwinyi ni jambo jingine. Katika miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Huko Shinyanga, katika operesheni ya kuwasaka watuhumiwa wa mauaji ya vikongwe na ushirikina, watu walioshikiliwa na vyombo vya dola waliteswa na baadhi yao wakafa. Waziri hakuwa amemgusa mtu yeyote, wala hakutuma mtu atese. Hata hivyo, mwaka 1977 alijiuzulu, kwa sababu vyombo vilivyofanya hivyo vilikuwa chini yake. Baadaye alitumwa Misri kama balozi, akarudi, na miaka minane baada ya kujiuzulu akakabidhiwa nchi.

Hii ndiyo maana ya tabia ya mgombea, na hapa tunaomba msomaji asitembee haraka. Mara nyingi tunalisikia neno “maadili” likitumika kwa mambo ya faragha peke yake: ndoa ya mtu, ulevi wake, maneno yake. Hayo yana uzito. Lakini tabia ya mtawala huonekana hasa anapokuwa na mamlaka juu ya wanyonge, kisha mambo yakaharibika. Je, husema “sikujua”? Humtafuta karani wa kumtwisha? Au husimama mbele ya waliofiwa na kulibeba? Mwislamu huyu wa Kivure alitoa jibu ambalo Wakristo wengi wenye vyeo hawajalitoa. Mkatoliki ambaye angemnyima kura kwa sababu ya jina lake angekuwa amejinyima kiongozi mwenye moja ya sifa zile za Yethro.

Wenzetu nao

Tusidhani kwamba majaribu haya yamekwisha, au kwamba ni ya wengine. Kanuni za uchaguzi wa 1965 ziliwakataza wagombea kutumia kabila, rangi au dini kuomba kura, na kampeni zikafanyika kwa Kiswahili. Bryceson na Jamal walishinda katika majimbo yenye wapiga kura Waafrika kwa wingi mkubwa. Katiba yetu (ibara ya 20) inazuia kusajiliwa kwa chama cha dini, kabila au rangi. Lakini sheria haifiki kwenye minong'ono. Mwaka 2005 Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Waziri Mkuu na kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa miaka 12, aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Katika mchakato huo asili yake ya Kiarabu ilifanywa hoja, na akahusishwa na Hizbu ya zamani ya Zanzibar, tuhuma alizozikana. Aliyeteuliwa alikuwa Jakaya Kikwete, mwana wa Pwani aliyesoma Sekondari ya Kibaha, na hakuna ubaya katika ushindi huo wenyewe. Ubaya ni kwamba mtu aliyeitumikia nchi tangu ujana wake alilazimika kujibu maswali juu ya damu yake, badala ya kuulizwa angeifanyia nini Tanzania.

Sisi Wakatoliki tulijaribiwa mwaka 2010. Mgombea mmoja wa upinzani, Dkt. Willibrod Slaa, alikuwa padre zamani na aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu. Maneno yalienea kwamba Kanisa lina mgombea wake, na kwa upande wa pili kukawa na majibu ya namna hiyo hiyo. Palikuwa na waamini waliomchagua Dkt. Slaa kwa sababu ya hoja zake juu ya ufisadi. Hiyo ni haki yao. Walikuwapo pia waliomchagua kwa sababu alikuwa “wetu”, kama walivyokuwapo waliomkataa kwa sababu hiyo hiyo. Makundi haya mawili ya mwisho yalitenda kosa moja.

Anayedhani kwamba mataifa makubwa yamevuka hapo atazame Marekani. Mwaka 1928 Al Smith, Gavana wa New York, alishindwa urais katika kampeni iliyojaa chuki dhidi ya Ukatoliki wake. Mwaka 1960 John F. Kennedy alilazimika kwenda Houston, tarehe 12 Septemba, kuwaeleza wachungaji wa Kiprotestanti kwamba hatapokea amri za kiserikali kutoka kwa Papa. Huko wanaotiliwa shaka walikuwa sisi. Tarehe 4 Novemba 2008 Wamarekani walimchagua Barack Obama, mwana wa Mjaluo wa Kogelo, na Kenya ikatangaza siku ya mapumziko kushangilia. Ni Kenya hiyo hiyo ambayo miezi kumi tu kabla ya hapo ilikuwa imezika watu zaidi ya 1,100 waliouawa baada ya uchaguzi, wengi wao kwa sababu ya kabila. Watu walishangilia ng'ambo kile ambacho nyumbani kilikuwa kimewashinda. Mwaka 2024 Kamala Harris, ambaye mama yake alitoka India na baba yake Jamaika, alisikia mpinzani wake, Donald Trump, akihoji hadharani kama kweli yeye ni Mweusi. Nani anayeweza kujibu swali kama hilo kwa namna itakayomsaidia mkulima au mgonjwa?

Katika jumuiya na parokia

Kwa utendaji, Kanisa linaweka mipaka iliyo wazi. Mapadre hawaruhusiwi kushika madaraka ya kiserikali wala kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka ya Kanisa iamue vinginevyo kwa sababu nzito (Sheria za Kanisa, kanuni 285 na 287). Padre hatamtaja mgombea katika mahubiri, na mwamini asimwombe afanye hivyo. Ulingo wa siasa ni wa walei, na Mtaguso unawatia moyo wale wenye karama hiyo waingie (Gaudium et spes 75). Mtakatifu Thomas More, aliyekubali kukatwa kichwa kuliko kuisaliti dhamiri yake, alitangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2000 kuwa msimamizi wa wanasiasa na viongozi wa serikali.

Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ni mahali pazuri pa kujiandaa, endapo hazigeuzwi kuwa matawi ya chama. Badala ya kuuliza mgombea anasali wapi, jumuiya inaweza kuuliza alipokuwa diwani, mwalimu au mfanyabiashara aliwatendeaje walio chini yake, na kama alilipa kodi. Katiba yenyewe (ibara ya 39) inataka mgombea urais asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Inaweza kuuliza pia amewahi kukiri kosa gani. Tena itazame alichokileta mkononi. Kwa miaka kadhaa sheria yetu iliruhusu “takrima”, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Khanga, fulana na kilo ya mchele bado vinapita usiku. Anayenunua kura leo ataidai pesa yake kesho, na atailipwa kutoka katika dawa za zahanati.

Swali moja huulizwa na waamini mara kwa mara: je, ni kosa kufurahi kwamba mgombea ni wa kabila langu au wa imani yangu? Si kosa. Furaha ya nasaba ni ya kibinadamu, na Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika iliita Kanisa lenyewe Familia ya Mungu, kama Yohane Paulo II alivyoeleza katika Ecclesia in Africa (1995). Kosa linaanza pale furaha hiyo inapokuwa sababu ya kura, au inaponifanya nimsamehe “wangu” wizi ambao kwa “wao” ningeuita dhambi. Mkristo aliyekwisha kumchagua mtu kwa nia ya namna hiyo anaweza kulipeleka jambo hilo katika kitubio, kama anavyopeleka ushuhuda wa uongo au dhuluma nyingine yoyote aliyomtendea jirani.